Bei za Nchi Nisizokuwapo

Wenzangu wakiwapigia mama zao huulizana habari za afya, za mvua, za nani kaoa na nani kaachika. Mimi na mama yangu tuliulizana bei ya petroli. Ukinikuta na simu sikioni nasema Zambia imepanda kidogo, Kongo iko palepale, ujue naongea na aliyenizaa. Watu walinicheka, na mimi mwenyewe nilikuwa najicheka, lakini ndivyo tulivyozoeana.

Mama anaishi Kiongoroni, kule chini delta inakoishia baharini. Barabara hakuna. Ukitaka kwenda hospitali, msibani, au kumpeleka mtoto shule ya mbali, unapanda boti, na boti inakunywa petroli. Yeye ndiye anayeiuza. Ana benchi mbele ya nyumba, madumu nyuma ya mlango, na chupa za maji za lita moja na nusu zimepangwa kivulini. Mashine nyingi za kule haziendi mpaka petroli ichanganywe na oili, na mama huichanganya mwenyewe kwa kipimo cha kifuniko, polepole, hata kama mteja anapiga kelele kwamba maji yanakupwa na boti itakwama kwenye tope. Hajawahi kumpunja mtu. Wavuvi wa Kiongoroni wanaweza kumsema kwa mengi, ulimi wake mkali, jeuri yake, ubahili wake wa chai, lakini kipimo chake hawakigusi. Mtu anayechakachua mafuta, kwake yeye, ni mchawi tu aliyekosa tunguri.

Shida ilikuwa bei. Petroli inatoka Kibiti kwa pikipiki hadi Nyamisati, pale inapakiwa kwenye boti, na mpaka ifike Kiongoroni imeshalipa nauli kama abiria. Sasa kila mwanzo wa mwezi mamlaka inayosimamia mafuta inatangaza bei elekezi redioni, wilaya kwa wilaya. Wavuvi wanasikia bei ya Kibiti, halafu wanakuja kwa mama na midomo. Ati mama unatuchuna. Ati mama utajenga ghorofa kwa jasho letu. Mama alikuwa anawajibu, na anajua kujibu, lakini watu ishirini wakikusema kila mwezi mwisho unachoka.

Ndipo alipopata dawa, na dawa yenyewe ilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa dereva wa lori, napeleka mizigo Zambia, Kongo na Malawi. Ni yeye aliyenifikisha pale. Aliuza shamba la minazi aliloachiwa na babu ili nisomee udereva na kupata leseni ya magari makubwa, na baba alikwishahamia Mafia kwa mke mwingine, kwa hiyo minazi ile ndiyo ilikuwa mgongo wake. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Siku moja nikiwa Kitwe, Zambia, nikamwambia, kwa mzaha tu, kwamba petroli huku ni ghali kuliko hiyo yako ya Kiongoroni pamoja na nauli zake zote. Akaniambia nirudie, nitamke vizuri. Nikarudia. Kumbe ameweka simu sauti ya juu na wavuvi wamesimama mbele ya benchi.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa mbili. Kwa tajiri wangu nilikuwa dereva, kwa mama nilikuwa mwandishi wa habari za mafuta. Lori linakunywa dizeli, lakini mimi kila sheli ninayosimama nauliza bei ya petroli. Vijana wa pampu kule ng'ambo walikuwa wananitazama kwa huruma. Nilikuwa nageuza kwacha na faranga kuwa shilingi kwenye kikokotoo cha simu, nasubiri alasiri mama akiwa ameswali na wavuvi wamerudi, napiga. Yeye anawatangazia. Mwanangu yuko Lubumbashi, sikieni wenyewe. Mwanangu yuko Lilongwe, mnasikia?

Alitaka kujua na sababu. Nikamweleza kwamba mafuta yakishushwa melini bei yake haipishani sana nchi kwa nchi. Kinachozitenganisha ni umbali wa kuyasafirisha, nguvu ya pesa ya watu, na zaidi ya vyote kodi. Nchi nyingine inarundika ushuru juu ya lita mpaka lita yenyewe haionekani. Nyingine inafuta kodi watu wakianza kununa, halafu inairudisha kimyakimya. Nyingine inachimba mafuta yake na kuwauzia raia kwa bei ya kutupa, huku hazina inakauka. Uarabuni je, akauliza, kule kwenye visima vyenyewe? Nikamwambia kule nasikia maji ya kunywa yana bei kuliko petroli. Aliguna. Akasema basi ndiyo maana wanafunga kwa raha, maji yenyewe hayanunuliki.

Kodi iliyomkera kuliko zote ilikuwa ya kwetu. Nilimtajia tozo zilizomo ndani ya lita moja, nikafika kwenye tozo ya barabara. Akanikatiza. Barabara gani? Nikamwambia ndiyo hivyo, kila anayenunua petroli anachangia barabara. Akaniuliza boti zake zinapita barabara gani, na mimi nikakubali, maana kweli Kiongoroni nzima huwezi kuendesha hata baiskeli kwa raha. Alilibeba suala lile kwa wiki. Kila aliyenunua chupa aliambiwa kwamba amechangia lami ya watu wa Mtawanya, kule Kibiti, na alipoambiwa kwamba hata kwa watu wa Mtawanya wenyewe bado ni vumbi, alikasirika mara mbili.

Nacheka nikikumbuka. Nilikuwa na raha miaka ile, ingawa sikujua kwamba ndiyo raha yenyewe.

Kilichoniharibia ni hizohizo bei. Mtu akijua sana kwamba kitu hiki kule ng'ambo kinauzwa zaidi, na kitu chenyewe anacho chini ya kiti chake, tangi mbili zimejaa, shetani hana kazi kubwa. Tajiri alikuwa anatuagiza tujaze upande wetu wa mpaka, Tunduma, kwa sababu wakati huo dizeli yetu ilikuwa na nafuu. Nikivuka, wapo watu na mipira yao na madumu yao. Wananyonya kidogo, wanakulipa, unaendelea na safari. Madereva wengi walifanya. Hilo halinipunguzii kitu, nalisema tu lijulikane. Nilifanya mara ya kwanza nikigeuka nyuma kila dakika. Mara ya pili sikugeuka. Mara ya tatu kumbe tajiri ameshafunga kifaa kwenye tangi kinachomtumia ujumbe mafuta yakishuka ghafla, na nilipofika Dar es Salaam funguo zilipokelewa getini. Hakunipeleka polisi. Alisema tu, kwa upole uliouma kuliko makofi, kwamba alinichukua kwa kuwa watu wa delta ni waaminifu.

Mimi mtoto wa mama yule. Mama anayepima kwa kifuniko.

Nilishindwa kwenda nyumbani. Nilifika Kibiti, nikakaa stendi siku nzima, nikaziona pikipiki za Nyamisati zinapakia madumu ya njano ambayo bila shaka mengine yalikuwa ya mama, na sikupanda. Jioni nikapanda gari linaloelekea upande mwingine, bara, hadi Mloka. Mtu mmoja niliyewahi kumbebea mzigo alikuwa na sheli ndogo pale, pampu moja ya petroli na moja ya dizeli, inayohudumia magari ya watalii yanayoingia hifadhini na pikipiki za wakulima. Akanipa kazi ya kushika mpira wa pampu. Akanipa na chumba nyuma ya tangi.

Mloka iko juu ya mto, Kiongoroni iko mwisho wake. Maji ninayoyaona asubuhi yanapita mashamba yote ya mpunga, yanapita chini ya daraja, yanagawanyika huko chini na kumfikia mama bila yeye kujua kwamba yamepita kwangu. Watu wa delta hawaji Mloka. Hawana cha kufuata. Ndiyo sababu nilikaa.

Si mahali pabaya. Watu ni wakulima, Wandengereko na Wamatumbi, wakarimu, wana shida zao za tembo na nguruwe pori wanaoingia shambani mahindi yakianza kubeba. Wananunua chupa moja ya petroli, wanakimbilia mashambani kulinda. Hawana muda wa kumdadisi mshika pampu. Nilikula kwa mama lishe yuleyule, nilikaa kiti kilekile, na kuna juma zima lilipita nikagundua kwamba sijatamka neno lisilohusu mafuta. Ya ngapi? Nijaze fuli? Haya, karibu tena. Nilikuwa mpweke, basi, niseme neno lenyewe. Nilikuwa naamka upweke umekaa kitandani umenitangulia.

Nilichobaki nacho ni simu ya alasiri. Mwezi wa kwanza pale Mloka nilitaka kumwambia mama ukweli. Nilipiga nikiwa nimejiandaa. Akapokea kwa sauti ya furaha, nikasikia na wavuvi nyuma, akasema haya, leo uko wapi? Nikasema Ndola. Likatoka lenyewe. Nikampa bei ya Zambia.

Sikuwa nambunia bei, hilo nalo nilisema kwa kiburi moyoni, kana kwamba ni uaminifu. Nilikuwa bado kwenye kundi la simu la madereva wenzangu. Humo mnaambiana kila kitu, mpaka gani una foleni, sheli gani wanaiba lita, bei imepanda wapi. Nilikuwa nasoma kimya, sichangii, nachukua bei, nampelekea mama. Akiniuliza kwa nini siji hata Idi, nilisema nimekwama mpakani. Idi mbili nilikwama mpakani, na siku zote mbili nilikuwa nimekaa juu ya kreti la soda Mloka nakula pilau ya jirani.

Halafu siku moja mwenye kundi akaamua kusafisha. Akaandika kwamba walioacha kazi wanaondolewa, wabaki wa barabarani tu. Nilikuwa nasoma ujumbe huo wakati maandishi madogo yalipotokea chini yake kusema nimeondolewa. Hakuna aliyeuliza huyu kaenda wapi. Miaka sita barabarani na watu wale, tumezikana, tumechangiana. Nililia, na sioni aibu kulisema.

Ikabidi nitafute bei kwenye mitandao. Kila nchi ina bei yake rasmi imeandikwa, safi kabisa. Mtandao wa Mloka ukikubali, nachukua ya Zambia, nachukua ya Kongo, nachukua ya Malawi, nageuza shilingi. Niliona hata ni rahisi kuliko zamani. Sikufikiri kwamba bei rasmi ni jambo moja, na mafuta kuwapo kwenye pampu ni jambo jingine. Dereva asingekosea hivyo hata usingizini. Nilikuwa nimeshasahau kuwa dereva.

Nilipiga alasiri kama kawaida. Nikampa Zambia, nikampa Kongo, nikasema na Malawi nimepita juzi, nimejaza, bei yao mwezi huu ni nzuri kidogo. Mama hakurudia kwa sauti kama anavyofanya. Aliniuliza, "Foleni ilikuwaje?"

Nikasema, "Foleni gani, mama? Nimeingia, nimejaza, nimetoka."

Nilisikia mashine ya boti inazimwa karibu na pale alipo. Kisha akasema taratibu, kwa sauti anayoitumia kumwamsha mtoto, "Fikiri vizuri, mwanangu. Labda umechoka na safari. Malawi hiyo, foleni ilikuwaje?"

Alikuwa ananirushia kamba, na mimi sikuiona. Nikacheka kidogo. Nikasema hakuna foleni, mama, Malawi hakuna foleni kabisa.

Nyuma yake mwanamume akaangua kicheko. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa mnunuzi wa kaa kutoka mjini, ambaye shemeji yake ni dereva, na dakika chache kabla sijapiga alikuwa anawasimulia pale benchini kwamba Malawi petroli na dizeli zimeadimika wiki kadhaa, shemeji amelala sheli siku tatu na tangi tupu, watu wamepanga madumu barabarani. Nilimsikia akisema huyo mtoto wako, mama, anajaza mafuta ya ndotoni. Watu wakacheka. Mama akawaambia, haraka haraka, kwamba malori makubwa yana sheli zake za uani, hayapangi foleni na nyinyi. Kisha simu ikakatika.

Nilitafuta habari nikakuta ni kweli. Bei ile niliyoisoma ilikuwa kama ubao wa vyakula uliobaki nje ya hoteli iliyofungwa.

Nilimpigia kesho yake, hakupokea. Keshokutwa, hakupokea. Siku ya tano gari la watalii lilisimama kwenye pampu yangu, dereva anasema fuli, fuli bwana, na mimi nimeshika mpira namwangalia tu, nasikiliza simu ya mama inaita tupu. Mwenye sheli alinifokea, na alikuwa na haki.

Alipokea Ijumaa. Alikuwa peke yake, nilijua kwa namna sauti ilivyokuwa karibu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akangoja. Hakunisaidia.

"Mama, siko Malawi. Niko Mloka."

"Mloka ipi?"

"Hii yetu. Juu ya mto."

Nikamweleza yote. Nilisema kuhusu Tunduma, mipira na madumu, kifaa cha kwenye tangi, funguo zilizopokelewa getini. Nilisema kuhusu kundi la simu. Nilisema Idi mbili nilikuwa hapahapa, siku mbili za safari kutoka mlangoni kwake. Hakunikatiza, na mama yangu hukatiza hata hotuba ya msikitini. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, mara ngapi. Nikasema mara tatu. Akarudia, mara tatu, kama anayepima kitu kikafika alama.

Ndipo nikasema lile nililokaa nalo miaka miwili, lililonifanya nipige kila mwezi na kuishia kusema Ndola. Nilimwambia nataka kurudi nyumbani. Nitafuata mafuta Kibiti mwenyewe, nitabeba madumu, yeye akae tu benchini achanganye oili. Nilikuwa nasema haraka, nikaziona kabisa siku hizo, nikajiona naosha chupa.

"Usije," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mtandao. Nikaita, mama.

"Usije kwanza, mwanangu. Tangu siku ile kuna wawili wamepima chupa zangu mbele yangu. Wamezimimina kwenye chupa zao, wamezitazama, wamerudisha. Sijawahi kufanyiwa hivyo tangu nizaliwe." Nilijua analia. "Ukija, watakuuliza, na wewe ukiulizwa mara mbili unasema. Watasema mwizi wa mafuta ametoka nyumba hii. Mimi nina nini kingine hapa?"

Alikuwa amesema kweli tupu. Minazi aliuza kwa ajili yangu, mume alikwenda zake, alichobaki nacho ni kwamba mama yule hapunji. Nilitaka kumlaumu nikakosa pa kushika. Nilimwambia nimeelewa. Nikamwomba radhi, akasema radhi anayo Mungu na yeye keshanipa yake, lakini nibaki huko.

Nikasikia hatua za watu kwenye mchanga, na mtu anapiga hodi, anataka chupa mbili. Mama akamkaribisha. Nilisikia kifuniko, nilisikia petroli inavyoingia, polepole, na yule mteja akauliza unaongea na nani.

"Mwanangu huyu," mama akasema, na sauti yake ilikuwa imeshakauka machozi, imerudi ya benchini. "Yuko Zambia. Anasema atakuja mwakani, Mungu akipenda."

Mimi sikuwa nimesema kitu. Yule mteja akaniombea safari njema, kwa sauti kubwa ili nisikie huko Zambia, na mimi nimesimama kwenye pampu ya Mloka nikamjibu asante.